Madam, Wewe ni Chama Gani?

Swali liliulizwa Septemba 2020, kipindi cha kwanza baada ya uji, kidato cha pili, katika shule ya kata wilayani Ikungi. Mada ilikuwa demokrasia. Nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa Kiingereza, kama muhtasari wa Civics ulivyotaka, na nikawa nahangaika kueleza kwa Kiingereza jambo ambalo nje ya dirisha lilikuwa likipigiwa spika kwa Kiswahili safi. Magari ya kampeni yalikuwa yakipita barabara ya Manyoni, moja la kijani, jingine na bendera za rangi nyingine, na kila likipita watoto walinyoosha shingo kama kuku waliosikia mwewe.

Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa miezi minane nilikuwa nimeisikia sauti yake mara mbili tu, alinyoosha mkono.

“Madam, samahani. Wewe ni chama gani?”

Darasa likacheka, halafu likanyamaza. Unyamavu ule ndio ulionitisha. Mtoto wa diwani alikuwa mstari wa pili. Kaka yake mmoja wao alikuwa anabandika mabango ya upande mwingine. Na huu haukuwa uchaguzi wa mbali kwao. Mgombea urais wa CHADEMA mwaka ule, Tundu Lissu, ni mzaliwa wa Ikungi hiihii na alikuwa mbunge wa Singida Mashariki tangu 2010 hadi 2019. Ukienda upande wa pili wa mkoa, Iramba, unafika kwa Mwigulu Nchemba, wakati ule mbunge na waziri wa CCM. Mkoa ambao wengi wanaujua kwa alizeti na kuku wa kienyeji ulikuwa na mtu wake mkubwa kila upande wa uzio. Mwalimu akisema neno moja darasani saa nne, saa kumi neno hilo liko kilabuni.

Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Nilijiambia kwamba nimefanya busara. Usiku nikagundua kwamba sikuwa nimeshindwa kwa sababu ya woga tu. Nilikuwa sijui mwalimu anapaswa kujibu nini. Miaka mitatu ya chuo kikuu, mazoezi ya kufundisha mara mbili, mafaili ya maandalio ya somo, na hakuna aliyewahi kunikalisha chini akaniambia: ukiulizwa hivi, simama hapa.

Nilipoanza kuuliza nyumbani, nikakuta swali ni la zamani kuliko mimi. Kwenye ukoo wetu limeulizwa kwa vizazi vitatu, kwa sababu vizazi vitatu tumekula chaki.

*

Babu mzaa baba alisomea ualimu Kinampanda, Iramba, enzi chuo kikiwa cha wamisionari Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Alikuwa akifundisha kusoma, hesabu na dini katika shule ya misheni wakati TANU ilipoanzishwa, tarehe 7 Julai 1954. Jibu la swali letu kwa wakati huo lilikuwa fupi. Mwaka 1953, chini ya Gavana Edward Twining, serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Tunaikumbuka hadithi hii kwa mtu mmoja. Julius Nyerere, mwalimu wa Mtakatifu Francis, Pugu, alikwenda Umoja wa Mataifa Machi 1955, akarudi, akatakiwa kuchagua kati ya chaki na chama, akaacha chaki. Jina la Mwalimu likamfuata hadi kaburini, ingawa kazi yenyewe aliiacha akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu.

Kwangu mimi historia hiyo huwa inasimuliwa kwa upande mmoja. Nyerere alikuwa na shahada ya Edinburgh na marafiki Dar es Salaam. Mwalimu wa shule ya msingi Iramba alikuwa na mshahara mdogo, ng'ombe watatu na mama mjane. Walimu wengi hawakuacha kazi. Walifanya nini basi? Babu, alipokuwa hai, alikuwa akijibu kwa kicheko cha puani: “Kadi ya nyumba hii ilikuwa ya bibi yako.” Bibi hakuwa mtumishi wa mtu. Alikuwa mkulima wa mtama na uwele, hakuna waraka uliomhusu. Siku ya mkutano alikwenda yeye, akarudi akasimulia, babu akisikiliza huku akisahihisha madaftari. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na msimamo, ila ulikaa kwenye mfuko wa kanga ya mke wake.

Mwaka 1964, nchi ikiwa huru, watumishi wa serikali wakaruhusiwa kuingia TANU. Mwaka 1965 katiba ikatamka kwamba chama ni kimoja. Kwa muda mfupi kuliko inavyomchukua mtoto kumaliza shule ya msingi, kitu kilichokatazwa kikawa kinatarajiwa. Azimio la Arusha lilikuja Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata, na sheria ya elimu ya 1969 ikazileta shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Babu alilala mwalimu wa Walutheri akaamka mwalimu wa taifa, darasa lilelile, ubao uleule wenye ufa.

Na hapo ndipo mafunzo yalipoanza kumwagika. Kizazi chetu hukidharau kipindi hiki kwa kusema ilikuwa kasumba tu. Mimi nimebadili mawazo kidogo. Mwaka 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako, kwa vikundi vya kusikiliza na kujadili. Watu wanakaa pamoja, redio inazungumza, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, halafu wanaulizana. Njia hiyohiyo ilipokuzwa mwaka 1973 kwa kampeni ya Mtu ni Afya, ilifikia takriban watu milioni mbili, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa semina fupi kabla ya kuanza. Hesabu idadi hiyo tena. Leo, tukiwa na intaneti, sijui ni lini mara ya mwisho tuliwafunza watu 75,000 kuongoza mjadala.

Babu aliongoza kikundi. Alikumbuka uchaguzi wa 1970 kwa alama mbili, jembe na nyumba, kwani wagombea ubunge walikuwa wawili kila jimbo, wote wa TANU. Aliyepewa nyumba, alisema babu, alinung'unika, maana kila mkulima alijua jembe lake. Kwa urais karatasi ilikuwa na jina moja, la Nyerere, na mpiga kura alisema ndiyo au hapana. Nilimuuliza kama kwenye kikundi chake kuna aliyewahi kuuliza kwa nini jina ni moja. Akasema aliuliza mzee mmoja, na yeye kama kiongozi akamjibu kwa kijitabu. “Kijitabu kilisemaje?” Hakukumbuka. Alimkumbuka mzee.

*

Baba yangu alimaliza darasa la saba katikati ya miaka ya sabini, wakati vijiji vya Singida vilikuwa bado na vumbi la Operesheni Vijiji, watu wamehamishwa, nyumba mpya hazijakauka udongo. Novemba 1974, Musoma, TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani. Walimu wangetoka wapi? Wakatolewa vijijini. Vijana waliomaliza la saba walichukuliwa, wakapewa madarasa ya chini, na kufundishwa ualimu hukohuko kazini: asubuhi wanafundisha, mchana wanakusanyika kwa mratibu, wanasoma masomo kwa njia ya posta, wanasikiliza vipindi vya Radio Tanzania, na mwisho wanakwenda chuoni kwa wiki chache kukamilisha. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo. Watu wakawapachika jina, wakisema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Baba alilisikia jina hilo sokoni, kanisani, na mara moja kutoka kwa mkwe wake mtarajiwa.

Nina madaftari yake mawili. Lililochakaa zaidi ni la Siasa. Ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa kijana wa miaka kumi na saba anayejitahidi herufi zisimame wima: misingi ya ujamaa, ukombozi wa Kusini mwa Afrika, muundo wa chama kuanzia shina hadi taifa. Pembeni kuna masahihisho ya kalamu nyekundu ya mratibu. Nilitegemea kukuta kasumba tupu. Nilikuta pia jedwali la kazi za serikali ya kijiji, lililopangwa vizuri kuliko lolote nililowahi kufundishia: nani anaitisha mkutano, nani anatunza fedha, mwanakijiji aende wapi akidhulumiwa. Ni kweli kwamba jibu la swali la chama lilikuwa limechapwa tayari, ikawa TANU, na kuanzia tarehe 5 Februari 1977 ikawa CCM. Lakini mtoto wa darasa la baba alijua mkutano wa kijiji ni nini. Wangu wengi hawajui.

Nisimpambe baba. Alikiri kwamba kuna mzazi aliyesema maneno makali juu ya kuhamishwa kutoka kwenye kaburi la baba yake, na mtoto wake akayarudia darasani. Baba, mwalimu wa mwaka wa kwanza, alimwadhibu mtoto. “Kwa kosa gani?” nilimuuliza. Akanyamaza kwa muda, akaniambia chai inapoa.

Mwaka huohuo wa 1976, baba akiwa anapigania betri za redio Iramba, kundi la wataalamu wa elimu ya siasa lilikutana Beutelsbach, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani Magharibi. Walikuwa wanagombana vikali juu ya kile mwalimu anachoweza kuwaambia wanafunzi, katika nchi ambayo miaka arobaini kabla ilikuwa imewatumia walimu vibaya kupita kiasi. Walichokubaliana kinatosha kwenye kiganja. Mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kwa maoni yake. Jambo linalobishaniwa huko nje libishaniwe na darasani. Mwanafunzi aweze kuyapima mambo kwa kuangalia hali yake mwenyewe. Nimeyasoma hayo mwaka jana kwenye simu, nikiwa nasubiri basi stendi ya Misuna, na nikajikuta nafikiria yule mtoto aliyechapwa.

*

Halafu ukaja 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilizunguka nchi nzima ikiuliza maoni, na takriban wanne kati ya watano walisema chama kibaki kimoja. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na ikashauri pia kwamba wananchi wapewe elimu ya uraia kwa upana, kwa kuwa watu hawawezi kuchagua kati ya vitu wasivyovijua. Ushauri wa kwanza ulitekelezwa haraka. Tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Ule wa pili tunausubiri kwa awamu.

Shuleni, somo la Siasa liligeuka kuwa Uraia. Kwenye karatasi hilo ni sentensi moja. Kwa baba lilikuwa hivi: jina la kipindi kwenye ratiba lilibadilika kabla ya kitabu kufika. Hakuitwa semina. Alikuwa na kitabu kilekile, darasa la watoto themanini, na agizo kwamba sasa afundishe vyama vingi. Akafanya alichoweza. Alichukua kalamu, akapita kitabu kizima, na kila penye neno chama akaandika vyama.

Tatizo ni ngeli. Kitabu kilisema chama kinaongoza, chama kina wajibu, chama chetu. Baba alibadilisha nomino akasahau kilichobaki. Siku ya kwanza mtoto alisimama kusoma kwa sauti: “Vyama kinaongoza nchi.” Darasa likavunjika kwa kicheko. Baba akasema rudia. “Vyama kinaongoza nchi.” Kipindi kizima cha Uraia kikageuka cha Kiswahili, wakapitia viambishi vya KI na VI hadi kengele ikalia. Bado anacheka akisimulia, na mimi hucheka naye, lakini nimekitafuta kitabu hicho nyumbani kote bila kukipata. Ningekitunza. Nadhani ni maelezo bora ya mwaka 1992 kuliko mengi niliyosoma chuoni: nomino imekuwa wingi, kitenzi kimebaki kilekile.

Kwenye sekondari nako somo likaja kwa jina la Civics, kwa Kiingereza. Hili sijawahi kulielewa na sitajifanya nalielewa. Tumechukua somo pekee linalomwambia mtoto wa mkulima wa vitunguu wa Mkalama kwamba mkutano wa kijiji ni wake, tukalifundisha kwa lugha ambayo hakuna mkutano wa kijiji uliowahi kuendeshwa nayo. Wanafunzi wangu walikariri maana ya utawala bora kwa Kiingereza neno kwa neno, na walipofika kwa mtendaji wa kata kudai kitu hawakuwa na neno la kuanzia.

*

Oktoba 2020, mwezi mmoja baada ya lile swali, nilichaguliwa kuwa miongoni mwa wasimamizi wa vituo vya kupigia kura. Walimu huwa wengi kwenye kazi hiyo, kila uchaguzi. Na hapo, kwa kejeli ambayo sikuitafuta, ndipo nilipopata mafunzo marefu kuliko yote ya uraia tangu nilipoajiriwa: siku mbili, ukumbi mmoja, viti vya plastiki, soda moja na chapati mbili. Tulifundishwa kukagua lakiri za sanduku, kupanga kituturi ili jirani asione, kumhudumia mjamzito na mzee kwanza, kupokea malalamiko ya wakala wa chama na kumpa fomu aandike badala ya kubishana naye. Nilijifunza zaidi juu ya uchaguzi kwa siku hizo mbili kuliko kwenye kozi yoyote, na nilijilaumu kwa kuwafundisha watoto kukariri sifa za uchaguzi wa kidemokrasia bila kuwahi kuwaonyesha fomu.

Kabla ya yote hayo tulisimama tukanyoosha mikono. Tulikula kiapo cha kutunza siri. Kisha tukajaza tamko la kujitoa uanachama, au la kutokuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa. Ukumbi mzima wa walimu, kwa sauti moja, tukilijibu swali la binti wa nyuma. Mwenzangu wa kushoto, mwalimu mkongwe mwenye kadi yake tangu ujana, alisaini, akaniinamia akaninong'oneza: “Mpaka Alhamisi.”

Kura zilipigwa Jumatano ya tarehe 28. Matokeo yanajulikana, na upinzani uliyakataa. Jumatatu nilirudi darasani na wino bado kidoleni. Binti hakuuliza tena. Nami sikulirudia, na hilo linanikera zaidi ya lile la kwanza.

*

Siku hizi kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Wazo lake ni zuri na lina ndugu wa damu kwenye vikundi vya redio vya babu, hata kama hakuna anayeutaja undugu huo: badala ya kuwapeleka walimu wachache hotelini Dodoma, walimu wa shule moja wanakaa wenyewe, katika jumuiya ya kujifunza, wanachagua ugumu wao na kuutatua. Singida imo pia kwenye mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, na tuna vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Kwenye vikao vyetu tumezungumza kusoma, hisabati, Kiingereza, zana za kufundishia kwa vizibo vya soda. Mambo ya maana. Uraia ulichukua zamu kuchelewa sana, na ulipofika ni kwa sababu niliomba mimi.

Nikaweka swali mezani kama lilivyoulizwa. Mwanafunzi anakuuliza wewe ni chama gani. Unajibuje?

Mwalimu wa Fizikia akasema amfukuze nje. Kijana wa Jiografia akasema amjibu kweli, mtoto si mjinga. Mama mmoja wa Kiswahili, karibu anastaafu, akasema sheria inamruhusu mtumishi kuwa na kadi na kupiga kura, inamkataza kufanya siasa kazini, basi mwambie mtoto hivyohivyo, maana hiyo nayo ni uraia. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kama kikao kina mhutasari. Tukasema kinao. Akauliza umeandikwaje. Yule mama akasema, “Tunajadili mbinu shirikishi, mkuu,” na kweli ndivyo tulivyoandika.

Tulikubaliana jambo moja dogo. Kila mmoja ataligeuza swali liwe kazi: wanafunzi wakusanye ahadi za vyama vyote walivyovisikia, wazipange kwa kata yao, maji, barabara, bei ya alizeti, kisha waulizane ni ipi inaweza kupimwa baada ya mwaka. Nimeijaribu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Mara ya pili mzazi mmoja alipiga simu. Mara ya tatu kundi moja liligundua kwamba vyama viwili vimeahidi kisima kilekile, na wakaenda kukitafuta. Nilikuwa nao. Tulikuta bomba limesimama na kufuli juu yake.

Tangu 2024 kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, na nimeanza kulifundisha. Andalio la kwanza nililiandika nyumbani Iramba wakati wa likizo, mezani, baba akiwa ananitazama juu ya miwani. Ameshastaafu. Nikamuuliza, kwa vile sikuwahi kumuuliza: “Baba, hivi wewe ni chama gani?”

Alifikiri kidogo, akaita jikoni. “Mama fulani, eti kadi uliiweka wapi?”